Umechoshwa na Nini?

Desemba iliyopita nilikwenda likizo nyumbani Chato, nikamkuta mpwa wangu kalala kifudifudi juu ya mkeka chini ya mwembe, simu imekaribia kumgusa pua. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo hata kuku wa kwetu huacha kuparura. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi mmoja nyuma. Akaamka, akanipa shikamoo yake kwa adabu, akarudi chini taratibu kama aliyenyofolewa mifupa. Nikamuuliza matokeo yanatoka lini. Akasema bado. Kisha akatoa neno ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani.

"Mjomba, huku kunaboa balaa."

Mama alikuwa hatua chache kutoka hapo, ungo mapajani, anamenya karanga. Akainua uso.

"Anasemaje huyo?"

"Anasema amechoka, mama."

"Amechoshwa na nini? Tangu Jumapili hajagusa mpini wa jembe."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka, wala hakuwa anafanya mzaha. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu, akasubiri, na alipoona halipatikani akarudi kwenye karanga zake. Usiku, nikiwa chandaruani, ndipo nilipong'amua kwamba mama, ambaye shule aliiona ya watu wazima tu, alikuwa ameuliza swali la sarufi.

Tafsiri yangu ndiyo iliyoharibu. Kiswahili hakina jina moja la ile hali ya kukaa na mchana mzima mbele yako usijue uufanyeje, kwa hiyo tunaitupia kwenye kuchoka, na kuchoka ni gunia lisilofungwa mdomo. Mbeba zege amechoka. Jamaa aliyepita na viatu vilivyoachama tunasema kachoka, choka mbaya, na hapo tunazungumzia mfuko wake. Mume akisema amechoka na mkewe hatumwambii akapumzike; tunaita wazee. Mama, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, akirudi shambani husema kwa Kisukuma *nanoga*, na mtoto wa mjini akimsikia hudhani bibi anasifia kitu kilichonoga. Kumbe bibi anaomba maji.

Kuna kuchusha pia, kunakopishana na kuchosha kwa herufi moja, ila kule ni kwa tumboni: mchuzi uliozidi mafuta, wali wa sherehe ya tatu ndani ya wiki moja. Kuna upweke, kuna ukiwa, lakini mtu anaweza kukaa na watu kumi kijiweni na bado ile hali ikamkuta. Neno ninalolipenda mimi ni kukinai. Kwa asili yake ya Kiarabu ni kuridhika, kutosheka na ulichojaliwa. Waswahili walilipokea na maana hiyo, wakalipa na ya pili: kushiba kitu mpaka ukakichukia. Kwetu ziwani mtoto aliyelelewa kwa sato na ugali wa udaga hufika mahali akamkinai sato, akalia anataka maharage, wakati kuna mtu Dodoma angemlipia samaki huyo nauli ya basi. Neno moja limebeba neema na karaha, wala halijaona tatizo.

Vijana wao wamechukua la Kiingereza, wakalikanda mpaka likakaa mkononi: kuboa, kuboeka, kuboana. Sina ugomvi nalo. Jina lenyewe la Kiingereza ni la juzijuzi. Lilianza kuzoeleka vitabuni katikati ya karne ya 19, Charles Dickens akiwa miongoni mwa waliolipenyeza kwenye riwaya. Wajerumani husema Langeweile, ukilivunja ni "kitambo kirefu", na mimi huwa nafikiri kwamba ofisa wao yeyote aliyewahi kupangiwa kukaa katika boma la Biharamulo, miaka ile ya ukoloni wao, mvua zikiwa zimekata njia na barua hazifiki, hakuhitaji kamusi kulielewa.

Ugomvi wangu uko kwenye mnyambuliko. Ukisema "nimechoshwa", masikio ya mtu mzima hubaki wazi yakisubiri "na". Kuchoshwa kuna mchoshaji, lazima atajwe, ndiyo maana mama aliuliza vile bila kujishauri. Kuboeka ni kauli nyingine. Ni ndugu wa "kikombe kimevunjika": jambo limetokea, mtendaji hayupo. Na sisi tuliolea tunajua "kikombe kimevunjika" ni kauli ya nani. Halafu kijana akisema "kunaboa" ndiyo anamaliza kabisa, maana ile *ku-* ni ya mahali. Hakuna mtu, hakuna kitu. Kosa limebebeshwa wilaya nzima, kuanzia ziwani mpaka mpakani kwa Biharamulo.

Tumtendee haki kijana, lakini. Chato aliyoikuta yeye haikuwa ya kawaida. Mimi nilikua ikiwa upande wa mashariki wa Biharamulo, ndani ya Mkoa wa Kagera: pamba, mihogo, samaki, na lori moja la kwenda Mwanza ambalo watoto wote tulijua mlio wake. Baadaye ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Mwaka 2015 aliyekuwa mbunge wetu, John Magufuli, akawa Rais, na mji wa kwetu ukaamka. Lami, uwanja wa ndege, hospitali kubwa, taa za barabarani. Julai 2019 Uhuru Kenyatta alikuja kumtembelea. Januari 2021 peke yake walipita hapa Wang Yi, waziri wa mambo ya nje wa China, Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia. Mpwa wangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza darasa la saba. Aliniambia walikuwa wakisikia ving'ora wanatoka mbio mpaka barabarani kuhesabu magari, na kwamba rekodi yao hawakuwahi kukubaliana ilikuwa ngapi.

Machi 17 mwaka huohuo Magufuli alifariki, na Machi 26 akazikwa hapahapa Chato. Watu walikuja tena, wengi kuliko siku nyingine zote, wakarudi kwao. Kimya kilichofuata mtu mzima anakipokea kama kimya. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyezoea kuhesabu ving'ora anakipokea vingine, na kwake "huku kunaboa" ni habari ya kweli, ina tarehe.

Nami nina kesi ya kujibu. Mwaka 1998 nilimaliza kidato cha sita nikarudi nyumbani kusubiri. Baada ya wiki chache nikachukua fedha ambayo mama alikuwa ameiweka kwenye kopo baada ya kuuza pamba, sikuomba, nikapanda gari kwenda machimbo ya Rwamagasa, Geita. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisimulia kwamba niliondoka kwa sababu ya njaa. Wasikilizaji huikubali haraka, maana ni sababu yenye heshima. Si kweli. Mihogo ilikuwepo, samaki walikuwepo. Nilichokikimbia ni saa nane ya mchana: lile jua lililosimama, nzi kwenye kikombe cha chai, na sauti ya redio ya jirani ikitangaza bei za mazao. Naamini nusu ya vijana niliowakuta kule walikuwa wamekimbia kitu hichohicho, na wote tulisema njaa.

Machimboni nilipangwa mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, kuvuta kamba. Kamba ikitikisika mara mbili unavuta. Mfuko unatokeza, umejaa mawe, unaumwaga, unauteremsha mtupu, unakaa. Kamba ikitikisika mara mbili unavuta. Ukitafuta kazi ya kuchosha kuliko hiyo hutaipata, na bado katika miezi saba sikumbuki siku niliyoona mchana ni mrefu. Kila mfuko ulikuwa bahati nasibu. Ukiumwaga unainama, unageuza jiwe kwenye mwanga, unalilowesha kwa mate uone kama kuna kinachomeremeta, unasema labda unaofuata. Mawe yakishatosha yanakwenda karasha, yanasagwa, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inatiwa zebaki, inachomwa, na mwisho wa yote mnagawana pointi chache huku wengine wakigawana hesabu ya madeni. Kulikuwa na mzee, tuseme alikuwa na umri nilionao mimi sasa, aliyekuwa amekaa kwenye midomo ya maduara tangu ujana wake. Hakuwa amechoka hata kidogo. Macho yake kwenye kila mfuko yalikuwa kama ya mtoto. Yule mzee ndiye aliyenitoa Rwamagasa. Nilimtazama jioni moja nikaogopa, asubuhi nikapanda gari.

Kwa hiyo siwaamini wanaosema dawa ya hali hii ni shughuli yoyote ile. Kamali nayo ni shughuli, tena haichoshi, na huko ndiko kuna hatari yake. Siku ya pili ya likizo nilichungulia simu ya mpwa wangu: alikuwa kalala juu ya mkeka mmoja, na mwingine kaupanga ndani ya simu, mechi sita, moja ya ligi ya nchi ambayo nina hakika hawezi kuionyesha kwenye ramani. Jioni ule wa simu ulichanika. Akapanga mwingine. Nikaiona ile kamba ikitikisika.

Nilipomweleza mama habari ya kamba na mkeka (habari ya fedha ya kopo alikwishaijua siku nyingi, na alikwishanisamehe kwa namna yake, yaani kwa kuikumbusha kila Desemba) alisema kosa letu Rwamagasa lilikuwa kuvuta kimyakimya. Yeye katika usichana wake alilima mashamba ambayo mwisho wake hauonekani. Palizi ya pamba ni jembe moja, tuta moja, jua moja. Wasukuma hawakusimama kumhubiria mtu uvumilivu juu ya hilo tuta. Walileta ngoma. Bugobogobo ni hiyo: watu wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, mmoja anarusha jembe hewani na kulidaka, na mpiga ngoma anatembea mbele yao akiwapandisha mori. Leo tunaitazama kwenye majukwaa kama burudani, na ni burudani, ila ilizaliwa na watu waliokubali waziwazi kwamba kulima kunachosha roho kabla hakujachosha mgongo. "Tulijua tunachoshwa na nini," mama alisema. "Na palizi." Akanyanyuka akapeta karanga.

Wiki ya mwaka mpya nilimchukua kijana tukaenda Muganza, mwaloni. Mwalo kwetu ni neno la watu wawili: mchimbaji akisema mwalo anamaanisha pale anapooshea mchanga wake wa dhahabu, mvuvi akisema mwalo ni pale anapoegesha mtumbwi. Tulikuta wa mvuvi umelala. Ilikuwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Usiku wa giza dagaa huifuata taa juu ya maji, na wavu ukawakuta hapo. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa taa moja, na dagaa hawana sababu ya kuifuata ya kwako. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, mwalo unanyamaza, na wanaume wanabaki na siku kadhaa za kukaa.

Tulikaa na mmoja wao. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukingo wa wavu kaunasa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu kaunyoosha ili uzi ukaze. Mkono mmoja ulishika sindano ya plastiki iliyojaa uzi, mwingine ulipapasa matundu bila yeye kuangalia, kama mtu anayehesabu tasbihi. Akifika penye jicho lililokatika, kidole kilisimama chenyewe. Anapitisha sindano, anazungusha, anabana fundo kwa ukucha, anakata uzi kwa meno. Kisha vidole vinaendelea kutembea. Mtoto wake mdogo alikuwa kalala ndani ya sehemu ya wavu iliyokwisha kushonwa, kajifunika nayo.

Nilimuuliza kama siku hizi za mbalamwezi hazimchoshi. Alinitazama akijaribu kujua kama namtania.

"Nichoke kwa nini, na mwezi si wangu? Utapungua tu, giza litarudi."

Nimelifikiria sana jibu lile. Lingekuwa rahisi kusema yule bwana ana subira na mpwa wangu hana, na wazazi wengi wangeliishia hapo wakaridhika. Lakini mvuvi ana mwezi. Kila usiku akitoka nje anaona kazi yake imebaki mbali kiasi gani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, nani anaweza kumwonyesha giza lake litarudi lini? Mtihani Novemba, matokeo mwishoni mwa Januari, na hata akifaulu, kidato cha tano ni Julai. Miezi minane karibu, katika umri ambao wiki moja ni mwaka, na njiani humo hakuna kinachopungua wala kuongezeka usiku akitazama juu.

Kutoka pale ufukweni macho huenda yenyewe upande wa Rubondo. Nikamsimulia habari ambayo nashangaa hatufundishwi shuleni, maana ni ya hapa kwetu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, miaka kama kumi kabla kisiwa hakijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, Profesa Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt aliletesha sokwe wapatao 17 kutoka Ulaya, akawaachia pale. Kundi la kwanza lilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wadogo, na baadhi yao walikuwa wameshakaa kifungoni miaka mingi, wakilishwa kwa saa na kutazamwa kwa saa. Anayejua sokwe wa vizimbani anajua wanavyokuwa: wanajitikisa mbele na nyuma siku nzima, wanajinyonyoa manyoya mpaka ngozi. Hakuna aliyewafundisha kwanza namna ya kuishi msituni. Walifunguliwa tu. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wanatafuta chakula chao na kufuma viota vya kulalia juu ya miti, na wajukuu wao wako kule mpaka leo.

Nilikuwa nangoja ashangae. Alikuwa anatupa kokoto majini.

"Bora wao," akasema. "Hakuna anayewauliza matokeo yanatoka lini."

Nikanyamaza. Yeye akaendelea, bila kuinua macho, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizonipa likizo ile: kwamba akienda dukani anaulizwa, kanisani anaulizwa, bodaboda anasimamisha pikipiki amuulize, kama vile yeye ndiye Baraza la Mitihani; kwamba ameona afadhali alale pale chini ya mwembe, ambapo anayeweza kumuuliza ni bibi peke yake, na bibi haulizi. Swali la mama lilikuwa limekaa wiki mbili bila jibu, sasa limejibiwa. Alichoshwa na sisi. Na mimi, kabla sijaketi, kabla sijanywa maji, siku ile ya kwanza, nilikuwa nimemuuliza.

Giza liliporudi aliomba aende ziwani na yule mvuvi. Alikwenda usiku tatu, wa pili akatapika, wa nne hakuamka. "Na dagaa nao wanaboa," aliniandikia. Sikushangaa, wala sikumkemea. Matokeo yalitoka, kafaulu, mama alichinja jogoo. Siku hizi asubuhi wanakwenda wote shambani kupalilia mihogo, saa tano anarudi mwembeni. Kuhusu mkeka wa simu hasemi, nami nimeamua nitamuuliza uso kwa uso, si kwa ujumbe.

Nikimpigia mama jioni huwa nauliza kama tulivyofundishwa wote: mmeshindaje? Nilikuwa nalisema bila kulisikia. Kushinda ndiko kukaa kutwa, na kushinda ndiko kumbwaga mwenzio mieleka. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. "Tumeshinda," mama hujibu, na nyuma yake nasikia karanga zikidondoka kwenye ungo.

Wewe mwenye kijana wa aina hii nyumbani, nakuomba jambo moja dogo: usimuulize amepangiwa shule gani. Leo ni katikati ya Machi, na kidato cha tano kinaanza Julai.